Kasha la njumu, kiti cha enzi, sahani 9 na gari la Safari: shajara ya kazi

Karakana: Mji wa Kale, Mombasa. Vitu vyote vimeshuka kwa lori kutoka nyumba moja ya Nairobi, na vinaandaliwa viuzwe kwa wakusanyaji. Masharti ya kazi ni mawili. Hakuna kitu kinachoguswa kabla ya kupigwa picha pande zote. Na chochote tutakachoongeza lazima kiweze kutolewa baadaye bila kuumiza kilichokuwepo.

3 Februari. Mapokezi

Vitu ni 12: kasha 1, kiti cha enzi 1, sahani 9, gari dogo la kuchezea 1 likiwa na boksi lake.

Kasha lina urefu wa sm 128, upana sm 54, kimo sm 62, na droo 3 chini. Wenye biashara huyagawa makasha ya pwani mafungu matatu: la Surat, la Bombay na la Shirazi. Hili ni la Surat. Mbao ni sesemi nzito ya Bara Hindi, nakshi ya kuchonga hakuna, uzuri wote uko kwenye mabamba mazito ya shaba ya manjano na njumu, yaani misumari ya shaba yenye vichwa vya mapambo. Sokoni litaitwa "kasha la Zanzibar", na jina hilo hatuligombi, lakini kwenye maelezo tutaandika lilikotengenezwa: Bara Hindi, likaletwa pwani kwa jahazi, kama yalivyoletwa mengi ya aina yake.

Njumu zimehesabiwa kwa chaki, safu kwa safu. Zilizopo ni 612, zisizokuwepo 47. Kisha tumepitisha sumaku: 23 kati ya zile 612 zimenasa. Shaba hainasi sumaku, kwa hiyo hizo 23 ni misumari ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba, aina ya misumari ya kushonea makochi. Mahitaji yetu basi ni njumu 70, si 47. Anayenunua kasha bila sumaku mfukoni ananunua kwa macho tu.

Pembe ya chini kushoto bamba limeng'oka na kupotea, ila kivuli chake kipo: mbao iliyokuwa chini yake ni nyeusi zaidi, na ukingo unaonekana kama umechorwa kwa kalamu. Tumeunakili kwenye karatasi ya mafuta. Kivuli hicho kisiguswe kwa msasa wala polishi, kwani ndicho ushahidi pekee wa umbo la bamba lililopotea.

Kifuniko kina ufa kutoka ukingo wa kulia, urefu sm 61, upana mm 4.2 pale penye uwazi mkubwa. Unyevu wa mbao: asilimia 10.5.

5 Februari. Wadudu

Kuna matundu ya fukusi kwenye droo ya kati na kwenye ubao wa kitako. Sesemi yenyewe, yaani kiini cheusi cha mti, fukusi hawaiwezi. Wanakula mbao laini zilizotumika mahali pasipoonekana. Tundu peke yake halisemi kama mdudu yupo au alihama miaka 60 iliyopita. Tumeweka karatasi nyeusi chini ya kasha lote, tukafunga madirisha ya upande huo, na hapafagiliwi siku 14.

Dawa ya kupuliza hatutumii. Mafuta yake huingia kwenye mbao, huacha madoa kando ya shaba, na gundi ya baadaye haishiki.

11 Februari. Ufa wa kifuniko

Hili limeleta mabishano, kwa hiyo tuandike hoja zote.

Kifuniko ni ubao mmoja wenye upana wa sm 54. Mbao hupanuka na kusinyaa upande wa upana, si upande wa urefu. Kwenye ncha zote mbili za kifuniko mafundi wa kwanza walipigilia mabamba ya shaba yakikatiza upana wote, njumu kila sm 3. Shaba haiendi popote. Kasha likiwa pwani, mbao imejaa unyevu na mabamba hayaibani. Likipandishwa Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, mbao inataka kusinyaa, mabamba yanaikatalia, na inapasuka pale palipo dhaifu. Huo si ubovu wa fundi. Alitengeneza kitu cha kuishi karibu na bahari.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuziba ufa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Tumelikataa. Epoksi ikishakauka ni jiwe. Mbao ikivimba tena hapa Mombasa, ule ujazo utakuwa kabari, na ufa utaongezeka urefu kuelekea upande wa pili.

Uamuzi: hatuzibi. Tunapima kila wiki tatu na kusubiri masika. Ukibaki zaidi ya mm 2 baada ya mvua, tutatia ukanda mwembamba wa sesemi kuukuu, utiwe gundi ya ngozi upande mmoja tu ili upande wa pili uwe huru.

19 Februari. Karatasi nyeusi

Unga mpya umeonekana chini ya droo ya kati tu, vichuguu viwili vidogo, rangi ya maziwa. Unga wa zamani huwa umepauka na kushikamana, huu unamwagika kama chumvi. Chini ya kitako hakuna kitu.

Droo imefungwa ndani ya plastiki mbili, hewa ikasukumwa nje kwa mkono, ikaingia friza ya nyuzi −20 kwa siku 14. Ikitoka haifunguliwi kwa saa 24. Mbao baridi ikikutana na hewa ya Mombasa hutokwa jasho papo hapo, na kilichopona kwa fukusi hufa kwa ukungu. Jasho libaki nje ya plastiki.

24 Februari. Shaba

Ufa: mm 3.4. Unyevu: asilimia 12.

Mabamba yana tabaka tatu: vumbi lililogandana na nta, madoa ya kijani pembeni mwa njumu, na unga mweupe uliokauka kwenye mianya. Huo mweupe ni masalia ya polishi ya chuma ya dukani. Polishi nyingi za aina hiyo zina amonia, na amonia ni adui wa shaba iliyofuliwa kwa nyundo: huingia kwenye mikunjo na kuipasua, taratibu, miaka baada ya kung'arishwa. Bamba la mbele lina nyufa nne za namna hiyo, zote zimeanzia kwenye tundu la msumari.

Ndimu na jivu, ukwaju, siki: njia za majumbani hizo, na kwa sufuria hazina ubaya. Kwa bamba la kasha tunazikataa. Asidi hula zinki iliyomo ndani ya shaba ya manjano na kuacha shaba nyekundu juu, ndiyo maana bamba lililosuguliwa ndimu mara nyingi huwa na wekundu wa waridi. Kifuniko cha kasha letu tayari kina kiraka kama hicho, ukubwa wa kiganja. Hakirudi.

Njia tuliyotumia: waiti spiriti kwenye pamba, pamba inatupwa ikichafuka, mianya inachokonolewa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama patasi, si kwa chuma, kutu ya kijani inakwanguliwa ikiwa kavu. Mwisho nta nyembamba, ipakwe kwa brashi laini na kufutwa baada ya dakika 20. Bamba moja la mbele limechukua saa tatu na nusu. Rangi ya kahawia iliyobaki haitolewi. Mkusanyaji anayejua kitu akiona kasha linawaka kama sinia la harusi hujiuliza limeondolewa nini kingine.

2 Machi. Droo ya siri

Ndani ya kasha, upande wa kushoto, kuna kishubaka chenye kifuniko chake. Ubao wake wa mbele unapanda juu ukivutwa, na nyuma yake kuna droo mbili ndogo. Ya juu imetoka. Ya chini imegoma.

Kishawishi ni kuivuta kwa koleo. Badala yake tumeingiza kamera nyembamba ya waya kupitia nafasi ya droo ya juu. Picha inaonyesha ncha mbili za msumari zikiwa zimeingia ubavuni mwa droo kutoka nje. Basi mambo yameeleweka. Njumu za asili za mahali hapo zina mguu wa mm 12, na ubao una unene wa mm 18, kwa hiyo haziwezi kutokea ndani. Misumari ya makochi iliyopigiliwa baadaye ina mguu wa mm 25. Aliyeweka misumari ile aliifunga droo bila kujua, na kila aliyefuata akadhani mbao imevimba.

Kutoa msumari wenye kutu kwenye mbao kavu: kichwa kimeguswa kwa ncha ya chuma cha lihamu kwa sekunde 30, msumari ukapanuka kidogo, ukaachwa upoe kabisa, kutu ikawa imeachia. Kisha bati jembamba limewekwa juu ya shaba kama ngao, msumari ukanyanyuliwa kwa kifaa cha kung'olea misumari. Wa pili umekatika kichwa. Mguu umesukumwa kwa pini kutoka ndani baada ya droo kulegea.

Droo iko tupu. Hata hivyo imekuwa pato kubwa kuliko tulivyotarajia, kwa sababu mbao zake hazijawahi kuona mwanga, polishi wala vanishi. Hapo ndipo ilipo rangi ya kwanza ya sesemi hii, zambarau iliyoiva yenye mishipa myeusi. Picha imepigwa kando ya kadi ya rangi na itaingia kwenye ripoti.

Jambo lingine: misumari yote 23 ya chuma ni ya mviringo, yaani ya waya wa kiwandani. Misumari ya namna hiyo ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo ukarabati ule hauwezi kuwa wa kale sana. Skrubu za bawaba ndizo zenye neno: ncha zake ni butu na mfereji wa bisibisi haukupita katikati, alama za skrubu zilizomaliziwa kwa tupa kabla skrubu za mashine zenye ncha kali hazijaenea katikati ya karne hiyo. Skrubu haziamui umri wa kasha zima, kwani bawaba huhamishwa. Lakini hapa matundu ni ya mara moja tu, hakuna matundu ya zamani yaliyozibwa kando.

9 Machi. Kiti: mfupa, pembe au nini?

Kiti cha enzi ni cha mpingo, kimo sm 119, na kibao cha kuwekea miguu mbele. Kamba za mgongo zimebaki nusu, za kalio hazipo. Mapambo meupe yaliyopachikwa ni vipande 65, na kabla ya kuendelea na chochote lazima tujue ni vya nini. Kikipatikana kipande kimoja cha pembe ya ndovu, kiti kinatoka kwenye orodha ya mauzo siku hiyo hiyo. Kenya ilipiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori tangu 1978, na umri wa kiti si kinga.

Sindano ya moto hatutumii. Inaacha tundu, na harufu ya mfupa na ya pembe zinakaribiana mno. Taa ya urujuanimno nayo haitenganishi vitu hivi viwili, vyote hutoa weupe wa buluu. Kilichobaki ni jicho, lenzi ya mara 10 na subira.

Mfupa una mifereji ya damu: vidoti vyeusi ukiutazama ulivyokatwa kwa upana, vistari vifupi vyeusi ukiutazama kwa urefu. Pembe ya ndovu haina vidoti hivyo. Ikikatwa kwa upana ina mistari myembamba inayokatizana kama nyavu. Tatizo ni kwamba vipande vya kupachika hukatwa kwa urefu ili visivunjike, na hapo nyavu hazionekani. Kwa hiyo kutoona nyavu hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kuona vistari vya mfupa.

Matokeo: vipande 58 vina vistari vyeusi wazi. Vipande 7, vyote vya mkono wa kulia, havina doti hata moja, na mistari yake imenyooka na kulingana kama daftari. Kimoja kimesuguliwa kwa kitambaa mpaka kikapata joto: harufu ya kafuri. Ni seluloidi, plastiki ya zamani, imetiwa na mkarabati. Haina thamani, inashika moto upesi, na ikioza hutoa asidi inayokula vilivyo jirani. Vipande 7 vitatolewa na kuwekwa vya mfupa wa ng'ombe, upande wa chini vikiwa na alama ya mwaka.

Mpingo wenyewe nao una sheria yake. Jamii karibu yote ya *Dalbergia*, mpingo na sesemi zikiwemo, iliingia Januari 2017 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu Novemba 2019 vitu vilivyokamilika vinasamehewa kama mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa shehena moja. Kiti kina kilo 14 na kasha ni watu wanne kulibeba, kwa hiyo mnunuzi wa nje asije na hesabu ya kilo 10. Juu ya hilo, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakivuki mpaka bila kibali. Yote haya yanaandikwa juu kabisa ya maelezo ya mauzo, si chini kwa herufi ndogo.

17 Machi. Njumu mpya

Ufa: mm 2.6. Unyevu: asilimia 13.

Njumu ya asili iliyolegea imepimwa: kichwa mm 14, kimebinuka, mguu wa pembe nne unaochongoka, kichwa na mguu vimesubuwa pamoja, yaani shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu moja. Za kuiga zimesubuwa kwenye mchanga, kielelezo kikiwa njumu yenyewe. Mzunguko wa kwanza umetoka mdogo, mm 13.8, kwa sababu shaba ikipoa husinyaa karibu asilimia 1.5. Tofauti hiyo ukiwa na njumu moja mkononi huioni. Ukizipanga 12 kwenye safu moja na za zamani, safu inaonekana imelegea. Kielelezo kimepakwa nta kuongezwa unene, mzunguko wa pili umekaa sawa. Zilizosubuwa ni 85. 9 zina vitundu vya hewa shingoni na zimerudi kwenye chungu.

Kila njumu mpya ina doti moja iliyogongwa chini ya kichwa. Ikiwa imepigiliwa haionekani, ikitolewa inajitaja.

Kupigilia: tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ya mkono, mm 0.3 pungufu ya mguu. Sesemi ya umri huu haimsamehi anayepigilia bila kutoboa. Nyundo ni ya mbao, na kati ya nyundo na kichwa kuna kipande cha ngozi.

30 Machi. Sahani

Sita zina chapa ya Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, maua yaliyochapwa kwa sifongo na kumaliziwa kwa brashi. Mbili hazina chapa. Ya tisa ina chapa yenye mwaka "1836" na ndiyo mwenye mali aliyoithamini kuliko zote.

Tuanze na hiyo. 1836 ni mwaka ambao kiwanda cha Regout kilianza ufinyanzi. Mwaka ndani ya chapa si mwaka wa sahani. Zaidi ya hapo chini pameandikwa "Made in Holland", na desturi ya kutaja nchi ilishika baada ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kazi 1891. Hilo peke yake linaishusha miaka 55 na zaidi. Kisha: pete ya chini haina mchubuko wowote, alama tatu za vishikizo vya tanuri hazipo, na rangi ya buluu chini ya lenzi ni nukta nukta za uchapishaji wa kisasa. Ni sahani mpya ya mapambo. Imetolewa kwenye orodha.

Zile sita ndizo za pwani hasa. Sahani za namna hii zilinunuliwa si za kulia bali za kuwekwa kwenye vidaka na kutundikwa ukutani. Nne zina matundu mawili kwenye pete ya chini ya kupitishia uzi. Tazama ndani ya tundu: kama tabaka la kioo limeingia, tundu lilitobolewa kiwandani kabla ya kuchomwa, kama udongo uko wazi, limetobolewa baadaye. Tatu ni udongo wazi, moja ina kioo. Katika moja umebaki uzi wa pamba, sm 4, mweusi kwa moshi. Unabaki hapo hapo. Matundu haya si kasoro na hayazibwi.

Sauti: sahani nzima ikigongwa kwa ukucha hulia, yenye ufa hukohoa. Mbili zimekohoa.

Chumvi. Sahani iliyokaa miaka mingi kwenye ukuta wa chokaa karibu na bahari hunywa chumvi kupitia nyufa nyembamba. Hewa ikikauka chumvi inaganda chini ya tabaka la kioo na kulirusha vipande. Tatu zina dalili hizo. Tiba ni kuloweka kwenye maji yaliyokenekwa, kubadilisha kila siku, na kupima upitishaji umeme wa maji, unaoshuka kadiri chumvi inavyoisha. Maji ya betri yanafaa, yale yasiyotiwa asidi, soma chupa. Siku ya kwanza kipimo kilikuwa mikrosiemens 310, siku ya pili 140, siku ya sita 22. Chini ya 30 tunasimama.

Jiki haitumiki kuondoa madoa, hata kidogo. Hufanya weupe wa wiki moja na kuacha chumvi yake yenyewe humo humo.

1 Aprili. Kosa letu

Sahani ya 4 imeachana ndani ya beseni. Ilikuwa imeunganishwa zamani kwa gundi ya wanyama, na mstari wa gundi ulifichwa na rangi upande wa nyuma. Hatukuifuta kwa asetoni kabla ya kuiloweka, taa ya urujuanimno tuliipitisha upande wa mbele tu. Ingepitishwa nyuma, rangi ya kiraka ingeng'aa tofauti. Vipande ni viwili, ukingo haujaumia.

Gundi ya zamani imesafishwa kwa maji ya vuguvugu, sahani imekaushwa, ikaunganishwa kwa Paraloid B-72, gundi ya akriliki, iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Kipande kikubwa kimesimamishwa kwenye beseni la mchanga mkavu, pembe yake ikitafutwa mpaka kipande cha juu kitulie kwa uzito wake bila kushikwa. Usipofanya hivyo utepe unavuta upande mmoja, na hatua ya robo milimita inayobaki ukucha utaikuta daima. Maelezo ya mauzo: "ilivunjika vipande 2, imeunganishwa, haikupakwa rangi".

Orodha ya hatua ya karakana imebadilika: taa pande zote mbili, asetoni, ndipo maji.

16 Aprili. Kamba za kiti

Masika imeanza. Ufa: mm 1.9.

Fremu ya kalio ina nafasi ya ndani ya sm 48 kwa 44, matundu kila mm 12. Masalio kwenye matundu yanaonyesha kamba ya pamba ya mm 2, mbili mbili kwenda na kurudi, kisha mbili za mshazari. Tulinunua mita 80. Hesabu ilikuwa hivi: nyuzi 40 za sm 44 mara mbili, mita 35, nyuzi 36 za sm 48 mara mbili, mita 35, jumla 70 na akiba. Mishazari ilisahauliwa. Kila mshazari peke yake unakula mita 25, na kugeuka chini ya fremu kunaongeza karibu asilimia 10. Hesabu sahihi ni mita 132. Kamba iliyonunuliwa mara ya pili imetoka robota jingine na ni nyeupe zaidi, ikabidi zote mbili zilowekwe pamoja kwenye chai nyepesi.

Kabla ya kusukwa, kamba imening'inizwa usiku kucha na jiwe la kilo 5. Pamba isiyonyooshwa kwanza hulegea mwezi wa kwanza. Na isivutwe kama ya kitanda: ndimi za fremu zimefungwa kwa vigingi tu, bila gundi, na mvuto wa nyuzi 150 unatosha kuikunja fremu pembeni. Tumepima mshazari wa fremu kila safu kumi. Ulipotofautiana mm 2 tulilegeza.

Kamba za mgongo zilizobaki hazikung'olewa. Nyuma yake imeshonewa wavu wa pamba mwembamba wa kuzibeba. Mkusanyaji ataona nusu ya mgongo ni tupu. Na aone.

22 Aprili. Gari

Corgi Toys namba 256, Volkswagen 1200 ya Safari ya Afrika Mashariki, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1960 na kampuni ya Mettoy, kiwanda cha Swansea. Namba 18 mlangoni, tairi la akiba juu ya paa ambalo ukilizungusha magurudumu ya mbele yanageuka, na kifaru wake. Mbio zenyewe zilianza 1953.

Usukani unafanya kazi. Rangi ni ya asili: chini ya lenzi michubuko inaonyesha chuma moja kwa moja, hakuna rangi ya pili katikati, na vichwa vya ribiti za kitako havijatobolewa. Gari lililofunguliwa lipakwe upya lazima ribiti zikatwe. Haliguswi zaidi ya brashi kavu.

Kifaru ametiliwa shaka. Ndiye hupotea kwanza, na wa kuiga wanauzwa. Huyu ana mstari wa kalibu tumboni, ni plastiki nyepesi, na miguu yake inaingia kwenye alama za msuguano zilizo ndani ya boksi. Tumeridhika.

Boksi: watu hupenda kuwasha taa ya urujuanimno na kusema karatasi ikiwaka ni bandia. Kanuni hiyo inafaa kwa boksi za kabla ya 1950, kabla kemikali za kung'arisha karatasi hazijaenea. Kwa boksi la miaka ya 60 haiamui. Lenzi ndiyo iliyoamua: nukta za uchapishaji zimejipanga kwa duara, si vumbi la printa.

12 Mei. Kufunga orodha

Ufa: mm 1.3. Unyevu: asilimia 14. Uko chini ya mm 2, kwa hiyo hautiwi kitu. Ripoti inabeba vipimo vyote vya ufa vya tangu Februari na sentensi moja kwa mnunuzi: chumba kisiwe chini ya asilimia 50 ya unyevu wa hewa, na kasha lisikae mbele ya kiyoyozi wala kando ya kipasha joto cha Ulaya.

Droo ya kati imerudi baada ya kuwekewa karatasi nyeusi kwa mara ya pili, siku 14, safi. Bamba la pembe ya kushoto limekatwa kufuata kivuli na limeshikwa kwa njumu tano zenye doti. Njumu 6 zilizosalia, misumari ya chuma 23 na vipande 7 vya seluloidi viko kwenye vifuko vyenye lebo na vinakwenda na vitu vyake. Seluloidi katika bahasha ya karatasi, mbali na kiti.

Vinavyotolewa: kasha, kiti, sahani 8, gari. Kipimo kijacho cha ufa ni 10 Agosti. Kasha likiuzwa kabla ya hapo, mnunuzi atapewa kalipa ya plastiki pamoja na ufunguo.